Okidi Iliyobandikwa Jina Lisilo Lake

SWALI: Mhariri, mwaka jana nilinunua okidi yenye ua la umbo la ndara katika kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Nakuru. Kibandiko kilichochomekwa chunguni kimeandikwa Paphiopedilum insigne, na muuzaji alinieleza kuwa mmea huo hupenda baridi, ndiposa nikauweka barazani usiku na mchana. Majani yake yana mabaka, na juma lililopita ulichanua ua moja jeupe lenye zambarau, lisilofanana hata kidogo na insigne ya jirani yangu. Nimeambatisha picha nne. Je, niliuziwa nini? – Mwalimu mstaafu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, tunakushukuru kwa picha, hasa ile ya jani ulilolishikilia mbele ya dirisha, kwa maana jani hilo peke yake linatosha kukikanusha kibandiko. Insigne, ambayo asili yake ni milima ya kaskazini-mashariki mwa India, ina majani marefu membamba ya kijani kitupu, na alama pekee unayoweza kuikuta ni vitone vya zambarau upande wa chini, karibu na kitako cha jani. Jani lako lina vipande vya kijani kilichokolea na vya kijani kilichopauka, vilivyopakana mithili ya ubao wa drafti. Usidhani kwamba ni ugonjwa. Mmea wa aina hii huota na mabaka yake, na kila jani jipya litatoka nayo.

Hata hivyo, spishi zenye majani ya mabaka ni nyingi, kwa hiyo jani limetuambia tu kwamba mmea huu si insigne. Ili kujua ni upi, ni lazima tuliulize ua.

Ua la insigne lina sepali ya juu, yaani kipande cha nje cha ua kinachosimama nyuma ya petali, ya kijani-manjano yenye madoa ya kahawia na ukingo mweupe, nalo hung'aa kana kwamba limepakwa vanishi. Lako lina sepali pana nyeupe iliyochorwa mistari ya zambarau inayopanda kutoka kwenye kitako cha kijani, na petali zake mbili zimeinama kama masharubu. Katika picha ya tatu nimehesabu chunjua saba nyeusi zenye vinyweleo kwenye petali ya kushoto, zote zikiwa ukingo wa juu, wala sikuona hata moja ukingo wa chini. Jambo hilo dogo lina uzito mkubwa. Paphiopedilum lawrenceanum ya Borneo huwa na chunjua kingo zote mbili, na petali zake hunyooka kando badala ya kuinama. Paphiopedilum barbatum ya rasi ya Malaya inakaribia zaidi, lakini sepali yake ya juu ni ndogo kuliko hiyo yako na petali zake haziinami kiasi hicho. Kwa hiyo ninaelekea kusema kwamba ulichonacho ni Paphiopedilum callosum, ambayo asili yake ni Thailand na nchi jirani.

Nasema ninaelekea kwa sababu mwaka 1900, nchini Uingereza, kitalu cha Charlesworth kilichanganya callosum na lawrenceanum kikapata chotara aitwaye Maudiae, na vizazi vyake vimejaa sokoni hadi leo. Tafadhali piga picha nyingine ukiwa umelikabili ua moja kwa moja, asubuhi kabla ya kivuli kuingia, ili tuione ile ngao ndogo iliyo katikati, juu ya mdomo wa kifuko, kwani umbo lake hutofautiana baina ya spishi. Hata tukiiona vizuri, picha haiwezi kuthibitisha kwamba mmea hauna damu ya chotara. Kwa sasa andika kwa penseli, kwa kuwa wino hufifia juani: "callosum au chotara wake", pamoja na tarehe ya kununua na ya kuchanua.

Jina hili linabadilisha pia malezi. Okidi za ndara zenye mabaka kwa kawaida huhitaji joto kuliko insigne, na usiku wa Nakuru, katika mwinuko wa takriban mita 1,850, ni baridi mno kwake. Angekuwa Kisumu, baraza yenye kivuli ingemfaa. Mwingize ndani, karibu na dirisha la mashariki, umwagilie asubuhi bila kuacha maji yatuame katikati ya majani.

Unaporudi kitaluni, uliza mimea hiyo ilikuzwa wapi. Hakuna okidi ya jamii hii inayoota yenyewe katika misitu ya Afrika, iwe Kakamega au Mau, na tangu 1990 CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya zile zilizong'olewa porini. Mwonyeshe muuzaji picha ya ua lako pia, kwani huenda vyungu vingine vilivyoletwa pamoja na chako bado vina kibandiko hicho hicho.