Chui asiye na kivuli

SWALI: Shikamoo Bibi. Nimenunua picha ya Tingatinga Mji Mkongwe: chui wa manjano, nyuma buluu tupu. Mume wangu asema haina kivuli wala umbali, kazi ya mtoto. Niitazameje? — Msomaji, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Kivuli kweli hakuna, lakini kazi ya mtoto siyo. Edward Saidi Tingatinga aliuanza mtindo huu Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Rangi hizo hupakwa bapa, moja ikikauka nyingine huja juu yake.

Umbali upo, ila umeletwa na rangi: buluu hurudi nyuma, manjano humsogeza chui mbele.

Sasa isogelee, ufuate mstari wa mgongo kuanzia shingoni. Utaona pale brashi ilipokandamizwa ukawa mnene, na pale ilipoinuliwa ukakonda kuelekea mkiani. Mkono uliochora vile haukusitasita. Mimi hapo hukaa muda mrefu kuliko kwenye madoa, ingawa wanunuzi wengi hupenda madoa.

Kuhusu nafasi, tandika kanga yako kando. Pindo lazunguka, mji umekaa katikati. Kwenye picha yako huenda hakuna pindo, chui mwenyewe amejaa ubao mzima. Tazama kama mkia umekunjwa ili usitoke nje. Buluu iliyobaki kati ya miguu nayo ina umbo, iangalie peke yake.

Usiitundike mkabala na dirisha. Rangi hii humeta, mwanga utakufichia mistari.