Mwanafunzi wa udaktari na kikokotoo cha kuchora grafu

SWALI: Shikamoo Daktari. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na nimechaguliwa kusomea Shahada ya Udaktari wa Binadamu jijini Dar es Salaam. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba huko wanafunzi wa sayansi hutumia vikokotoo vya kuchora grafu tangu sekondari, na yuko tayari kuninunulia TI-84, ambayo bei yake inazidi dola 100, ili nimrudishie kidogo kidogo nikianza kupata fedha za kujikimu. Baba anaona ni anasa, lakini mimi nahofia kufika chuoni na kujikuta niko nyuma ya wenzangu. Je, nikubali?
Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba binti yangu, na hongera sana. Usikubali. Baba yako yuko sahihi, ingawa nadhani ametazama bei peke yake, na bei siyo sababu kubwa kuliko zote.

Binamu yako naye hakudanganyi. Casio ilitoa kikokotoo cha kwanza cha aina hiyo, fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments ikafuata na TI-81 mwaka 1990, na tangu hapo shule nyingi za Marekani zimejenga ufundishaji wa hisabati juu ya mashine hizo, hata AP Calculus, mtihani wa hisabati ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari, una sehemu inayozihitaji. Jambo ambalo pengine hakukueleza ni kwamba huko huko, anayetaka kuingia chuo cha udaktari hufanya mtihani uitwao MCAT, ambao hauruhusu kikokotoo cha namna yoyote. Kwa hiyo hata yeye, akiamua kuwa daktari, ataiacha mashine yake mlangoni na kukokotoa kwa kichwa.

Wewe unatoka katika mfumo ambao katika mitihani ya Baraza la Mitihani ulitumia vitabu vya majedwali ya hisabati na vikokotoo visivyoweza kupangiwa programu. Kikokotoo cha kuchora grafu hupangiwa programu na huhifadhi maandishi, na hiyo ndiyo sababu wasimamizi wengi wa mitihani hukitazama kwa jicho baya. Soma kanuni za chuo chako kabla ya kuingia na chombo chochote katika chumba cha mtihani.

Sasa tuje kwenye hesabu zenyewe, maana hofu yako ipo hapo. Katika miaka ya mwanzo utakutana na grafu nyingi: mkunjo wa oksijeni na himoglobini katika fiziolojia, kasi ya vimeng'enya katika baiokemia, kupungua kwa dawa mwilini katika famakolojia. Hizo utazichora kwa mkono, kwa penseli na rula. Mtahini hapendezwi na uzuri wa mchoro. Anataka useme kwa nini mkunjo umehamia kulia mgonjwa alipopandwa na homa, na jambo hilo lina faida gani kwa misuli inayohitaji oksijeni. Mashine itakuchorea mkunjo kwa sekunde mbili na itakunyima fursa ya kuuelewa.

Utahitaji kitufe kimoja ambacho kikokotoo cha dukani cha kujumlishia bei hakina, nacho ni cha logi. Chukua asidi ya damu: pH ni 6.1 kujumlisha logi ya bikaboneti iliyogawanywa kwa zao la 0.03 na shinikizo la kabonidayoksaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya, bikaboneti ni 24 na shinikizo ni 40; 0.03 mara 40 ni 1.2; 24 gawanya kwa 1.2 ni 20. Logi ya 20 ni 1.3, na jibu ni 7.4. Kikokotoo cha kawaida cha kisayansi, kama kile ulichotumia kwenye fizikia, kinalimaliza swali hilo. Kama bado kinafanya kazi, huna haja hata ya kununua kingine.

Wodini, hesabu inakuwa nyepesi zaidi na hatari zaidi kwa wakati mmoja. Mtoto ana kilo 8 na ameandikiwa gentamaisini miligramu 7.5 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 60. Ampuli ina miligramu 80 katika mililita 2, yaani miligramu 40 kwa kila mililita, kwa hiyo unavuta mililita 1.5. Nilipokuwa katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo, mwenzangu mmoja, akiwa hajalala usiku kucha, alisoma 1.5 kwenye kikokotoo akaandika 15. Aliyemwokoa mtoto yule, na kumwokoa mwenzangu pia, ni muuguzi wa makamo ambaye hakubonyeza kitufe chochote. Alikuwa ameshazipanga ampuli kwenye trei, akaziangalia, akauliza kwa upole, "Dokta, ampuli nane kwa mtoto mmoja?" Mazoea ya muuguzi yule ndiyo ninayotaka uyajenge tangu mwaka wa kwanza: kabla hujabonyeza, kadiria jibu linapaswa kuwa kiasi gani, kisha ukilipata jiulize kama linaingia akilini.

Vipimio navyo ni mtego. Kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, inayokadiria jinsi figo zinavyosafisha damu, ni 140 kutoa umri, mara uzito, gawanya kwa zao la 72 na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huiondoa katika damu), na kwa mwanamke unazidisha kwa 0.85. Kanuni hiyo inataka kreatinini kwa miligramu kwa desilita, ilhali maabara zetu nyingi huitoa kwa mikromoli kwa lita. Mama wa miaka 60 mwenye kilo 50 ana kreatinini ya 177. Ukiiingiza namba hiyo kama ilivyo, utapata chini ya 0.3, na mashine, iwe ya shilingi elfu kumi au ya dola 100, itakuonyesha jibu hilo bila kushituka. Gawanya kwanza 177 kwa 88.4 ili kuigeuza kuwa miligramu kwa desilita, upate 2, kisha kanuni itakupa takriban mililita 24 kwa dakika, jibu ambalo unaweza kulitumia kupunguza dozi ya dawa.

Imebaki takwimu, somo ambalo huwatisha wanafunzi kuliko linavyostahili. Wastani na mchepuko sanifu vimo katika kikokotoo cha kisayansi. Utafiti wako utauchambua kwa kompyuta, kwa programu kama SPSS, R au Epi Info, na mbili za mwisho hazilipiwi. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye betri nzima, itakufaa mara mia kuliko kikokotoo.

Kama binamu yako ana moyo wa kusaidia, mwombe stetoskopu nzuri. Wewe jinunulie saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwa sababu utahesabu mapigo ya moyo, pumzi za watoto na matone ya dripu kila siku. Lita moja ya maji kwa saa 8, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Hesabu ni ya darasa la sita, lakini bila saa huwezi kuyahesabu yanapodondoka.

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi niko mwaka wa pili wa udaktari. Shangazi yangu ameshanitumia kikokotoo cha kuchora grafu kutoka Texas na kimekaa sandukuni mwaka mzima. Nikikiuza nitakuwa nimemkosea?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Mweleze shangazi kwanza. Zawadi huuzwa kwa ruhusa ya aliyeitoa. Akikubali, wanunuzi wapo: shule za kimataifa za Dar es Salaam, Arusha na Moshi zinazofundisha mtaala wa IB (International Baccalaureate) zina wanafunzi wa hisabati ambao wanatakiwa kuwa na mashine ya namna hiyo hiyo. Usimuuzie mtahiniwa wa kidato cha sita wa mtaala wetu, kwa maana hataruhusiwa kuingia nayo. Futa kila ulichohifadhi ndani yake kabla ya kuikabidhi, na stetoskopu utakayoinunua kwa fedha hizo, ipige picha umtumie shangazi.