Shangazi, hiyo si hina

Shangazi, shikamoo. Baba mdogo, shikamoo. Wengine wote, habari za Tanga. Tangu picha ya mchumba wa mdogo wangu, binti wa nywele nyekundu, ifike kwenye kundi la familia, simu yangu haijapumzika. Shangazi anauliza kama binti amepaka hina. Baba mdogo kasikia kwamba wazungu wenyewe wanawakwepa watu wa nywele nyekundu kwa hasira na nuksi zao. Na nyote mnalizunguka swali moja tu: watoto watakuwaje? Nami nipo nao hapa Glasgow, basi nijibu.

Kazaliwa nazo. Duniani wenye nywele hizo ni mmoja au wawili katika kila watu mia, lakini Uskoti wamejaa, ukipanda basi asubuhi huwakosi. Wala hawakuanza juzi: Tacitus, mwandishi wa Roma, mnamo mwaka 98 alishaandika kuhusu nywele nyekundu za watu wa kaskazini ya kisiwa hiki.

Hilo la nuksi, baba mdogo, hujalizua. Huku usiku wa kuamkia mwaka mpya wanaangalia sana nani atakuwa wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita. Anatakiwa mwanamume wa nywele nyeusi, ashike kipande cha makaa. Wa nywele nyekundu akitangulia, mwaka umeharibika. Ndiyo maana majirani zangu, ambao miezi mingine hunisalimia kwa kichwa tu, mwezi wa Desemba hunikumbuka. Naenda, nakula keki yao, nawapa heri yao. Wavuvi wa zamani nao, wakikutana na mwanamke wa nywele nyekundu njiani kuelekea pwani, walikuwa wanarudi nyumbani.

Mengine yalitoka kwa wachoraji. Biblia haisemi Yuda Iskariote alikuwa na nywele za rangi gani, ila wachoraji wengi wa Ulaya walimpaka nyekundu, ili msaliti atambulike kwa mbali. Chuki hiyo ikahamia kwa Wayahudi: Shylock, Myahudi mkopeshaji katika tamthilia ya Shakespeare, alivalishwa wigi jekundu jukwaani, mpaka mwigizaji Edmund Kean alipotokea na jeusi mwaka 1814 pale London. Na hao hao Waingereza walitawaliwa na Elizabeth wa Kwanza, kuanzia 1558 hadi 1603, mwenye kichwa chekundu, na uzeeni akavaa mawigi ya rangi ile ile. Nani angemwambia ana nuksi?

Siku hizi imebaki kejeli, lakini kejeli inayouma. Shuleni wanaitwa tangawizi. Mkwe wenu mtarajiwa alipokuwa msichana alikuwa akipaka nywele nyeusi ili aachwe kwa amani. Hata wakubwa hawana adabu: mwaka 2010 Harriet Harman, naibu kiongozi wa chama cha Labour, alimfananisha waziri Danny Alexander na panya kwa ajili ya nywele zake, kisha akaomba radhi.

Ila nisiwafiche. Wapo huku wanaoniambia kwamba masaibu yao na yetu sisi watu weusi ni sawa. Si sawa. Danny Alexander alitukanwa akiwa waziri. Mwenye nywele nyekundu akitafuta nyumba ya kupanga, haambiwi imeshachukuliwa baada ya kuonekana uso. Mimi nimeambiwa. Na sisi tusicheke sana, maana nchini kwetu watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za waganga.

Hasira? Nyumba ile mwenye hasira ni mdogo wangu, na nyote mnamjua. Tatizo la binti ni jua, ngozi yake inaungua upesi mno. Akija Tanga mtafutieni kofia pana, wala msimpeleke baharini saa sita mchana eti akaone Raskazone.

Sasa watoto. Mwaka 1995 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba rangi hiyo inatokana na kinasaba kiitwacho MC1R, na kwa kawaida mtoto lazima airithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Upande wetu sijapata kusikia mwenye nazo, kwa hiyo tegemeeni nywele nyeusi. Lakini mtoto ataibeba kimya kimya, na akioa au kuolewa na mwenye kuibeba kama yeye, kitukuu cha shangazi anaweza kuzaliwa Ngamiani na kichwa chekundu kama jua la magharibi. Siku hiyo ikifika, msianze kumtazama mama yake kwa jicho baya.