Maswali yenu ya masoko: anauliza bei halafu anapotea

Nimechagua machache, yale yanayofanana nimeyaunganisha.

Hivi masoko na mauzo si kitu kilekile, tunazungushana maneno tu?

Hapana, ila ni majirani. Mauzo ni kumfanya mtu anunue ulichonacho tayari, masoko yanaanza kabla hata hicho kitu hakijatengenezwa: nani ana shida gani, sasa hivi anaitatua vipi, yuko tayari kutoa kiasi gani iishe. Theodore Levitt, msomi wa masoko, alishaliandika hili 1960, kwamba mauzo yanaangalia haja ya muuzaji na masoko yanaangalia haja ya mnunuzi. Ukiona mtu anatangaza asubuhi mpaka usiku na hakuna anayeshtuka, mara nyingi hiyo hatua ya kwanza aliiruka.

Darasani tunakariri P nne, kwenye biashara yenyewe zinanisaidia nini?

Ni bidhaa, bei, mahali inapopatikana na namna unavyoitangaza, kwa Kiingereza zote zinaanza na herufi P. Alizipanga hivyo msomi wa masoko E. Jerome McCarthy mwaka 1960, halafu 1981 wenzake wa fani, Booms na Bitner, wakaongeza tatu kwa wanaouza huduma: watu, mchakato na vile vitu vya kuonekana kwa macho. Sasa usizikariri, zitumie kukagua kama zinasema kitu kimoja. Bei ya juu, vifungashio vya ovyo na simu haipokelewi, hapo umejipinga mwenyewe, manake mteja haziangalii moja moja kama kwenye mtihani, anazipata zote kwa mpigo. Wengi wetu tunagusa mbili tu, tangazo, na tangazo likigoma tunakimbilia bei.

Kabla sijaanza niliuliza watu, wote wakasema "kitu kizuri, ukileta nachukua". Nimeleta, kimya. Walinidanganya?

Wala, walijibu ulichouliza. Kusema "nitachukua" hakumgharimu mtu chochote, na wengi hawataki kukuvunja moyo usoni, kwa hiyo ukiuliza "utanunua?" unapima adabu zao, hupimi soko. Hata wakubwa wamenaswa hapa. Mwaka 1985 Coca-Cola walionjesha watu karibu 200,000, wengi wakaipenda ladha mpya kuliko ya zamani, Aprili wakaibadilisha, malalamiko yakamiminika wee, na baada ya siku 79 ya zamani ikarudishwa. Watu walipenda kweli walichoonja, ila kupenda mnyweo mmoja na kukubali kuondolewa kitu ulichokizoea miaka yote ni mambo mawili, na kipimo kilikuwa cha ladha.

Kwa hiyo uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho shida hii ilikupata lini? Ulifanyaje? Ulitoa hela au uliivumilia tu? Kama aliivumilia na maisha yakaendelea, kwake si shida ya kulipia hata kama anakusifia. Na kama unataka jibu la uhakika zaidi, chukua oda kwa malipo kidogo ya awali, utaona wale "nachukua" wanabaki wangapi. Na hao wachache wanaobaki ndo wa kuwasikiliza.

Kwenye posti zangu wanauliza bei, nikijibu wanapotea. Nishushe?

Usishushe kwanza. Mnunuzi kwa kawaida anahisi uhitaji, anatafuta taarifa, analinganisha, ananunua, halafu anatathmini, na wengi wanaouliza bei ndo wako kwenye kulinganisha, au wanamuulizia mtu mwingine ambaye ndiye mwenye hela. Kingine ni woga. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko inavyofurahisha kupata kiasi kilekile, na mtu asiyekujua akisikia bei anawaza "hela yangu ikipotea je". Namba tupu haiondoi hiyo. Jibu bei pamoja na kinachopatikana ndani yake, picha halisi, na kama kikiwa kibovu unafanyaje. Na jamani andikeni bei, hii ya "njoo inboksi" inachosha.

Niwe na aina nyingi ili kila mtu apate yake?

Inategemea. Kuna jaribio maarufu la watafiti Iyengar na Lepper la 2000: meza yenye jemu aina 24 ilivuta watu wengi zaidi, lakini katika waliosimama pale walionunua ni asilimia 3 tu, kwenye meza ya aina 6 walifika asilimia 30. Watu wanalitaja kama sheria, wakati tafiti za baadaye hazikupata matokeo yaleyale kila mara. Mimi naona aina nyingi zinamchanganya zaidi asiyejua anachotaka, anayejua anaokota chake anaondoka. Ukiwa nazo nyingi mwonyeshe asiyejua pa kuanzia.

Akishalipa kuna kazi nyingine imebaki?

Ipo, na inasahaulika sana. Mtu akinunua kitu cha hela nyingi anaanza kujiuliza kama alikosea, mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza 1957 huo usumbufu wa akili kubeba mawazo mawili yanayogongana. Akiwa na hali hiyo anatafuta sababu ya kujipa moyo, au ya kurudisha mzigo. Mtumie ujumbe mfupi, kimefika salama, kinatumikaje, ukikwama niulize. Basi, usichomekee ofa nyingine humohumo, mwache kwanza akizoee.