Popo, virusi na bakteria wa utumbo: maswali yenu

Popo anabeba virusi vya Marburg, ugonjwa hatari wa homa kali na kutoka damu, wala haugui. Kwa nini? (Msomaji, Bukoba)

Mara nyingi kinachotuangusha ni mwili wenyewe kupigana kupita kiasi. Popo amelegeza hapo. Mwaka 2018 watafiti wa China walionyesha kuwa protini ya STING, inayopiga king'ora DNA ikionekana mahali isipotakiwa ndani ya seli, imepunguzwa makali kwa popo. Mwaka uliofuata, wenzao wa Singapore waliona hali kama hiyo kwa NLRP3, protini nyingine inayochochea uvimbe. Wengi wanadhani chanzo ni kuruka, kazi nzito inayoumiza seli na kumwaga vipande vya DNA kila usiku, hivyo king'ora kikali kingelia bila kukoma. Hata hivyo si kinga ya kila kitu: kichaa cha mbwa humuua popo pia.

Bakteria wa tumboni wanahusikaje?

Hili ndilo linalonivutia zaidi. Kwa binadamu, bakteria wa utumbo huifunza kinga lini ipigane na lini itulie. Popo ana utumbo mfupi. Tunda alilokula huweza kutoka kabla saa haijaisha, na bakteria wake wanafanana na wa ndege kuliko wa mamalia wengi. Mwaka 2022 watafiti wa China walichapisha jaribio la kupandikiza bakteria hao kwa panya, kisha kuwaambukiza mafua ya H1N1. Panya walistahimili vizuri zaidi siku za mwanzo, na flavonoidi, kemikali zinazojulikana kupoza uvimbe, ziliongezeka utumboni mwao. Ila hao ni panya, na yale ni mafua. Mtu akikuuzia dawa ya kinyesi cha popo, mkimbie: kinyesi hicho chaweza kuwa na virusi.

Si bora tuwaue wote?

Hapana, tena hapana. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, walipougua Marburg mwaka 2007, popo wa humo waliangamizwa. Wengine wakahamia. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda, jirani na hapo, na popo wapya walipopimwa, wenye virusi walikuwa asilimia 13.3, kabla ya mauaji walikuwa karibu 5. Mgodi na pango lenye popo tuyaachie popo. Mibuyu yetu nayo huchanua usiku ikiwategemea kuchavusha maua.

Embe lenye alama za meno ya popo, nikate upande mmoja nile?

Litupe lote. Lililo zima lioshe, limenye, ule.