Golden retriever Dar es Salaam, mwenye watoto na anayetaka mlinzi

Dada uliyeuliza, habari za jioni. Umesema mna watoto wawili, wa miaka 4 na 9, mmehamia Kigamboni, watoto wanalilia mbwa aina ya golden retriever na mzee anataka mbwa wa kulinda. Wengi hapo juu wamekujibu "chukua tu, ni mpole." Mimi ninaye jike, anaitwa Asali, ana miaka saba. Nimeishi naye Arusha, kisha Dar, na ni kama nimefuga mbwa wawili tofauti.

Nianze na hoja ya mzee. Asali hajawahi kulinda kitu. Fundi bomba akija anapelekewa kandambili mdomoni. Usiku mmoja geti lilibaki wazi, mtu tusiyemjua akafika hadi kibarazani, mbwa akampokea kwa mkia. Simlaumu, ndivyo alivyoumbwa. Hawa mbwa walianzia Scotland, kwenye shamba la Guisachan la Lord Tweedmouth, ambaye mwaka 1868 alipata watoto wa mbwa kutoka kwa dume lake la manjano na jike wa jamii ya mbwa wa majini. Alitaka mbwa wa kumfuatia bwana wake windoni, amletee ndege aliyepigwa risasi bila kumtafuna. Kazi yake yote ni kuwa kando ya mtu.

Sasa sisi tunavyofuga: mchana bandani, usiku anafunguliwa azunguke uani. Baba yangu alifuga hivyo, nami nikamjengea Asali banda zuri la wavu na mabati. Miezi miwili haikuisha. Alikwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu, akalamba mguu wa mbele mpaka ukawa kidonda kibichi. Nilimpaka dawa wiki nzima bila mafanikio. Daktari wa mifugo akaniuliza swali moja tu: "Huyu anashinda na nani?" Sikuwa na jibu. Tukamhamishia ndani, akawa analala mlangoni mwa chumba cha watoto, na kidonda kikafunga chenyewe. Kama kwenu mbwa kulala ndani haiwezekani, usiendelee kusoma. Chukueni mbwa wa kienyeji aliyechanjwa vizuri. Anastahimili joto, anabweka kwa sababu, na ni mbwa mwema sana akipendwa.

Joto ndilo lililonifundisha kwa machungu. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Asali alikuwa anakimbia hata saa tano asubuhi. Tulipohamia Dar, Februari, nikampeleka ufukweni saa kumi jioni nikidhani jua limeshapoa. Alikimbiza mpira na watoto kama dakika ishirini, kisha akalala mchangani na hakuamka. Ulimi ulikuwa mwekundu wa kuiva, mate mazito, macho hayanioni. Tulimmwagia maji tumboni na mapajani, tukafungua madirisha yote ya gari, tukakimbia kwa daktari. Alipona, lakini binti yangu hakulala usiku ule.

Tangu siku hiyo anatembea saa kumi na moja na nusu alfajiri, halafu tena baada ya saa moja usiku. Mchana yuko kwenye vigae, feni juu yake. Umeme ukikatika tunalowesha sakafu. Jiulize, dada, nani kwenu ataamka saa hizo kila siku kwa miaka kumi au kumi na miwili, maana ndio umri wao. Mtoto wa miaka 9 ataapa kwamba ni yeye. Usijenge juu ya kiapo hicho.

Watu watakushauri umnyoe. Usikubali. Ana manyoya ya tabaka mbili, na ukiyanyoa ngozi inabaki wazi kwa jua, tena yanaweza yasiote vizuri. Chana, kila siku kama una nafasi. Yatajaa kwenye kochi na kwenye kanga zako, hilo halina dawa. Akitoka baharini msuuze kwa maji baridi ya bomba na umkaushe hadi kwenye ngozi na masikio, la sivyo unyevu wa pwani utamtoa vidonda.

Kupe nao. Kwenye manyoya hayo huwaoni, unawapapasa kwa vidole. Asali alipata homa ya kupe: alikataa chakula, fizi zikapauka, pua ikatoa damu. Alipimwa damu, akatumia antibiotiki ya doksisaiklini wiki nne. Dawa ya kinga ya kupe iwe kwenye bajeti kila mwezi kama umeme wa luku, pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Chakula chake usimpe mabaki ya mchuzi, vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Kwa watoto, kweli ni hazina. Lakini mwaka wa kwanza anatafuna kila kitu, mikono ikiwemo, na akifika kilo 27 atamwangusha wa miaka 4 kwa furaha tu. Wasiachwe peke yao.

Muulize pia dada wa kazi kabla, si baada. Wetu ni Mwislamu na alikuwa anaogopa mbwa. Tulikubaliana hashiki bakuli la mbwa wala haoshi alipolamba, na Asali haingii jikoni wala chumbani anakoswali. Miaka mitatu sasa hatujawahi kukwaruzana.

Mkiamua kununua, mdai kumwona mama yake akitembea. Nyonga mbovu ni za kurithi. Saratani nayo inawasumbua sana, hadi huko Marekani tangu 2012 watafiti wanawafuatilia zaidi ya 3,000 maisha yao yote ili waielewe. Mwaka jana nilipapasa uvimbe ubavuni mwa Asali, nikakaa siku nne nikisubiri majibu. Ulikuwa mafuta tu.

Nenda na mzee, mchana wa jua kali, mkakae saa nzima kwa mtu anayemfuga Dar. Mwone mbwa anavyohema saa nane. Mkitaka kumwona Asali, niandikie, karibuni.