Viondoe Juani Vipande Vyako

Juzi kijana mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, ameniandikia. Amekata vipande 22 vya duara vya gogo la mwembe ili atengeneze uso wa meza, akavianika juani, na siku ya nne vyote vimepasuka. Anauliza gundi ipi itaziba nyufa. Ndugu yangu, tatizo si gundi. Nalijua kwa sababu limenitoa machozi.

Meza yangu ya kwanza ya namna hiyo niliitengenezea hapa Kisauni, kwenye kibanda cha mabati uani kwangu. Mteja alikuwa mama mmoja wa Nyali aliyekuwa akiozesha binti yake. Mwembe wenyewe jirani alikuwa ameuangusha wiki tatu tu kabla. Nilijua ni mbichi: unga wa msumeno ulishikana mkononi kama machicha ya nazi. Lakini mama alikuwa na haraka, nami nilikuwa na njaa ya kazi. Nikapanga vipande juu ya plaiwudi, nikabandika, nikamwaga resini, ile gundi ya maji inayoganda kama kioo, nikapiga msasa mpaka ikang'aa. Alipoiona alinishika mkono kwa furaha.

Mwezi haukwisha. Sebule yake ina kiyoyozi, hewa yake kavu, na kila kipande kilipasuka kutoka ukingoni hadi kwenye kiini. Aliirudisha kwa mkokoteni, akaishusha mlangoni mwangu majirani wakitazama, akasema, "Hii ukapikie." Pesa nilimrudishia yote. Maneno yale bado ninayo kifuani.

Sikulala mpaka nikaelewa. Mti ukikauka husinyaa zaidi kwa kuzunguka, kufuata pete zake, kuliko kutoka gomeni kwenda kwenye kiini. Kwa miti mingi ni karibu mara mbili. Kipande cha duara kinajibana chenyewe, kisha kinaachia kwa ufa. Jua linaongeza balaa, maana uso unakauka na ndani bado kuna maji.

Sasa nakata matawi yasiyozidi upana wa sahani, unene sentimita 4. Gome nalitoa, maana ndipo wadudu hujificha. Nyuso zote mbili nazipaka nta ili maji yatoke polepole, kisha navipanga kivulini juu ya fito, hewa ipite chini na juu. Kipimo cha unyevu sina. Nina mizani. Kila Ijumaa napima kila kipande na kuandika uzito kwa chaki juu yake. Kimoja kilianza na gramu 1,240. Kilipofika 790 kikakaa hapo wiki tatu mfululizo, nikajua kimeiva. Nilikikata Oktoba, nikakibandika Machi kaskazi ikiishia, kabla mvua za mwaka hazijaingia.

Msasa sitausimulia. Anzia namba 60, malizia 240, basi. Ila resini isikilize: uso uliokatwa mkato wa duara hunywa kama sifongo na kutoa mapovu, kwa hiyo tangulia kupaka resini tabaka moja jembamba, likishika ndipo umwage. Mwaga alfajiri, na usimwage nene kwa mara moja. Resini hujipasha moto yenyewe, na kwa joto letu hili itakupasukia.

Meza ile ya Machi iko Tudor, nyumbani kwa mzee mmoja, nayo chumbani mwake kuna kiyoyozi. Mwaka mmoja na nusu sasa. Wiki iliyopita nilipita kumsalimu, nikapitisha ukucha kwenye kila kiungo. Hakuna ufa hata mmoja, alhamdulillahi.

Vijana, mnapenda kumaliza upesi mpige picha. Mteja akikuharakisha, mwambie mti haujakauka. Akiondoka, mwache aende. Heshima ya fundi ikishushwa mlangoni kwa mkokoteni haipandi tena kwa maneno matamu.

Na wewe wa Likoni, usivitupe. Vilivyopasuka hadi kwenye kiini, vikikauka kabisa, nyoosha ule ufa kwa msumeno na utie kabari ya mwembe huohuo; itaonekana kama ulikusudia. Vyenye nyufa ndogo vipake nta, uvipime, uniletee namba zako. Lakini kwanza viondoe juani leo hii, kabla ya adhuhuri.